Wiki ya Migahawa New York: Januari au Agosti, mchana au usiku?

Wiki ya Migahawa ni kipindi cha ofa ambapo migahawa ya New York huuza mlo kwa bei maalumu, mara moja wakati wa baridi na mara moja wakati wa joto, na swali ni uende lini. Nianze na jibu, maana najua wengine mnataka kuweka meza leo hii. Kama utakwenda mara moja tu kwa mwaka, nenda Agosti, mchana, katikati ya wiki. Kama kazi haikuachii mchana, basi subiri Januari uende usiku. Agosti usiku na Januari mchana ni za mwenye sababu zake maalumu.

Jibu hilo linahusu migahawa ya aina moja tu, ile inayopika kwa msimu: menyu inabadilika kufuata kinachotoka mashambani, na mpishi ana habari ya mvua kuliko ya mitandao. Ukitaka nyama ya kuchoma ya Kikorea au piza, kalenda haina maana kwako, nenda siku yoyote. Na siigusi migahawa inayofungwa kabisa wakati wa baridi, kama Grand Banks, baa ya chaza iliyo juu ya merikebu ya uvuvi ya mwaka 1942 inayotia nanga kwenye mto Hudson miezi ya joto. Pale unalipia upepo na machweo.

Ofa yenyewe, NYC Restaurant Week, ilianza Julai 1992. Chama cha Democratic kilikuwa kinafanya mkutano wake mkuu Madison Square Garden, ule uliompitisha Bill Clinton kugombea urais, na jiji lilijaa wajumbe na waandishi wa habari. Tim Zagat, mwenye kitabu cha kupima migahawa, na Joe Baum, mfanyabiashara wa migahawa, wakaja na wazo: kwa siku nne, migahawa mizuri iuze chakula cha mchana kwa dola 19.92, bei ikifuata mwaka. Ilikusudiwa iwe mara moja tu. Sasa ni mara mbili kwa mwaka, Januari hadi Februari na Julai hadi Agosti, na inaitwa wiki kwa mazoea tu, kwani mwaka 2025 ile ya baridi ilikwenda kuanzia 21 Januari hadi 9 Februari, na ile ya joto kuanzia 21 Julai hadi 17 Agosti.

Joe Baum huyo ndiye mmoja wa walioanzisha The Four Seasons mwaka 1959 ndani ya jengo la Seagram. Pale menyu ilibadilika mara nne kwa mwaka, na miti iliyopandwa ukumbini na sare za wahudumu zikabadilika nayo. Wakati huo mgahawa wa kifahari New York maana yake ulikuwa ni menyu ya Kifaransa isiyobadilika. Kwa hiyo mtu yule yule ana mkono katika chakula cha msimu na katika bei moja ya jiji zima. Nalitaja hili kwa sababu mawazo hayo mawili hayapatani vizuri. Bei moja kwa wiki tatu au nne inamtaka mpishi ajue mapema atapika nini, kwa gharama gani, kwa watu wangapi. Msimu unamtaka asubiri aone gari la mkulima limeleta nini. Ugomvi huo ndio unaoamua utakula vizuri au vibaya.

Januari na Agosti jikoni

Aliyekulia pwani yetu hahitaji kufundishwa msimu ni nini. Embe la wakati wake na embe lililolazimishwa anayajua kwa harufu kabla ya kisu. New York tofauti hiyo ni kali zaidi, kwa sababu kuna miezi ambayo ardhi imeganda na hakuna kinachoota nje.

Januari, mpishi anayesema anapika kwa msimu anapika kutoka ghala. Ana viazi, karoti, bitiruti, kabichi, vitunguu, maboga, matufaha ya tangu Oktoba, na maharage makavu. Orodha inachosha kuisoma, lakini ina siri mbili. Ya kwanza ni kwamba karoti na mizizi mingine iliyopigwa na baridi shambani inakuwa tamu zaidi, kwa sababu mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili usigande. Ya pili ni kwamba baridi ndiyo msimu wa vyakula vya moto mdogo: mbavu za ng'ombe zilizoiva kwa saa nyingi hadi nyama inaachia mfupa, supu ya boga, maharage yaliyochemshwa na mifupa. Vyakula hivi vinapikwa kabla, vinapendeza zaidi siku ya pili, na vinatumia nyama ya bei ya chini. Ni vyakula vilivyoumbwa kwa ajili ya ofa. Mpishi hahitaji kukudanganya ili akupe mbavu kwa bei ya ofa, na jikoni haipaniki meza zote zikiagiza kitu kimoja saa moja na nusu usiku.

Agosti mambo yanageuka. Nyanya za shambani zinaanza kuonekana Julai na zinakolea Agosti. Kuna mapichi ya New Jersey, biringanya, pilipili, rihani, na mahindi matamu. Haya mahindi yanawashangaza wengi wetu, maana tumezoea ya kuchoma yenye ugumu wa kutafuna, na haya ni laini kama yana sukari ya kuongezwa. Sukari hiyo huanza kugeuka wanga tangu hindi linapovunjwa, ndiyo maana hindi la shamba la karibu, lililovunjwa asubuhi, halifanani na lililosafiri siku tano. Kwa mwezi huo mpishi hana kazi kubwa. Anakata nyanya, anatia chumvi na mafuta ya zeituni, anakuletea. Hata jikoni iliyozidiwa na wateja wa ofa haiwezi kuiharibu nyanya nzuri.

Kwa hiyo Agosti unakula kazi ya mkulima na Januari unakula kazi ya mpishi. Mimi naona Agosti ni salama zaidi kwa mgeni, kwa sababu wapishi wako wa kila aina, lakini nyanya za Agosti karibu zote ni nzuri. Ukishajua mgahawa fulani una jikoni makini, Januari ndipo unapopata thamani kubwa.

Ndani ya kipindi chenyewe pia kuna tofauti. Ofa ya joto ikianza Julai, usikimbilie siku za kwanza. Mwisho wake ndio unaokutana na nyanya, mahindi na mapichi kwa pamoja. Ofa ya baridi haina hilo, kwa sababu karoti ya ghalani ni ile ile Januari na Februari. Hapo nenda mapema, kabla wahudumu hawajachoka.

Kwa nini jiji likachagua miezi hii? Ni kwa sababu ni miezi mikavu kwa biashara. Januari watu wametoka kutumia fedha za Krismasi na nje kuna baridi, na Agosti wenye uwezo wamehamia ufukweni. Meza ziko wazi, na ofa inazijaza.

Mchana na usiku: hesabu ya bili

Bei za miaka hii ni dola 30, 45 au 60, na kila mgahawa unachagua yake. Kwa kawaida mchana unapewa sahani mbili na usiku tatu, ya tatu ikiwa kitindamlo. Vinywaji, kodi na bakshishi viko nje ya bei, na hapo ndipo wageni wengi huumia. Kodi ya mauzo ya jiji ni asilimia 8.875. Bakshishi nimeiweka asilimia 20 ya bei kabla ya kodi.

| Kwa mtu mmoja, bila kinywaji | Mchana, $30 | Usiku, $45 | Usiku, $60 |
|---|---|---|---|
| Kodi | 2.66 | 3.99 | 5.33 |
| Bakshishi | 6.00 | 9.00 | 12.00 |
| Jumla | 38.66 | 57.99 | 77.33 |

Angalia safu ya mwisho kabisa. Dola 77.33 za mtu mmoja usiku ni sawasawa na bili ya watu wawili mchana. Lakini ukigawanya kwa sahani, mchana wa dola 30 na usiku wa dola 45 vyote vinatoka dola 15 kwa sahani. Ni ule usiku wa dola 60 tu unaofika 20. Kwa hiyo usiku wa dola 45 sio ghali kama unavyoonekana, alimradi kitindamlo unakitaka kweli. Kama wewe ni wa kuonja kijiko kimoja na kusogeza sahani, mchana ndio unaokufaa kwa bei.

Mchana pia una mwanga. Inaonekana ni jambo dogo, lakini sahani ya nyanya za rangi tatu chini ya dirisha la Agosti ni chakula kingine kabisa kuliko ile ile chini ya taa za mishumaa. Na wahudumu wa mchana wana nafasi ya kukujibu maswali. Tatizo ni kwamba migahawa mingi ya msimu haifungui mchana siku za kazi, kwa hiyo uchaguzi wako unapungua. Jumamosi kwa kawaida haimo katika ofa, na Jumapili ni hiari ya mgahawa.

Mwenye kunywa divai aelewe kwamba faida ya mgahawa wakati wa ofa iko kwenye glasi. Glasi ya dola 17, ukijumlisha kodi na bakshishi, ni karibu dola 22, yaani glasi mbili zinazidi mlo mzima wa mchana. Wengi wetu hatunywi, na kwa hilo ofa hii inatupendelea sisi kuliko waliotengenezewa. Mhudumu atakuuliza unataka maji yenye gesi au yasiyo na gesi, kana kwamba hakuna la tatu. Mwambie maji ya bomba. Ni ya bure, na sehemu kubwa yanatoka milima ya Catskill; watu wa hapa wenyewe wanajivunia.

Bakshishi usiibane kwa sababu bei imeshushwa. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara New York City kilikuwa dola 16.50 kwa saa, lakini sheria ilimruhusu mwajiri wa mhudumu wa chakula kulipa taslimu dola 11 na iliyobaki ihesabiwe kutoka bakshishi. Wiki ya ofa mhudumu anabeba sahani nyingi kwa bili ndogo. Wenyeji waungwana huhesabu bakshishi kwa bei ambayo chakula kingekuwa nayo siku ya kawaida, na hata hivyo tofauti haifiki bei ya soda mbili.

Kadi ya ofa na menyu ya kawaida

Hapa ndipo naomba usome polepole, kwa sababu watu hulinganisha mgahawa na mgahawa wakati ulinganisho wenye fedha uko juu ya meza moja. Ukikaa utaletewa kadi ya ofa, yaani menyu fupi ya bei ya ofa, na menyu ya kawaida. Kama kadi moja haikuletwa, iombe. Chukua mfano: kianzio cha dola 20, mlo mkuu wa 38, kitindamlo cha 15. Jumla 73. Kwa ofa ya 60 umeokoa dola 13, na hizo ni nzuri. Sasa chukua mgahawa mwingine ambao kadi yake ya ofa ina supu ya dola 14, kuku wa 28 na aiskrimu ya 10. Hiyo ni 52 siku yoyote ya mwaka, na wewe umelipa 60 ukishukuru.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni kama vyakula vya kadi ya ofa vipo pia kwenye menyu ya kawaida. Vikiwepo, unakula chakula cha mgahawa kwa bei ya chini. Visipokuwepo, umepikiwa chakula cha wageni. Tovuti ya ofa huonyesha menyu za migahawa mingi kabla ya siku yenyewe, na kila mgahawa una menyu yake ya kawaida mtandaoni. Dakika kumi za kulinganisha zinatosha.

Jambo la pili ni msimu wenyewe. Nyanya mbichi kwenye kadi ya Januari, stroberi za Februari (New York zinatoka Juni), avokado za kijani zilizopangwa kama maua: mgahawa huo haupiki kwa msimu, una bango la msimu mlangoni. Samaki aina ya salmoni wa kufugwa naye ananitia shaka. Si mbaya, ila anapatikana miezi kumi na miwili kwa bei inayotabirika, ndiyo sababu anapendwa na kadi za ofa. Mgahawa wa pwani hii unaojali utakupa samaki aliyevuliwa Montauk, kule ncha ya mashariki ya Long Island, na jina lake linaweza kubadilika kati ya leo na kesho. Ukiona kadi imeandikwa tu "samaki wa leo", furahi, halafu uliza ni yupi.

La tatu ni nyongeza. Pembeni mwa nyama nzuri utakuta namba ndogo, tuseme +12. Hiyo ni dola 12 juu ya bei ya ofa, na kodi na bakshishi zinapanda nayo. Nyongeza moja kwenye kadi nasamehe. Kama vyakula vyote vya kuvutia vina namba pembeni, ofa imeshakwisha kabla hujaagiza.

Njia ninayoipenda mimi kwa watu wawili ni kuchanganya: mmoja aagize kadi ya ofa, mwingine achukue vianzio viwili vya mboga kutoka menyu ya kawaida, mle pamoja. Migahawa mingi inaruhusu, ingawa michache inataka meza nzima ichague upande mmoja, kwa hiyo uliza kwanza. Agosti mchanganyo huu ni mtamu kweli, kwa sababu mboga ndizo zinazobadilika kila siku na ndizo ambazo kadi ya ofa, iliyochapwa kwa wiki nzima, haiwezi kuzifuata.

Siku ya kwenda nayo ina uzito. Soko la wakulima la Union Square, lililoanza mwaka 1976, hufunguliwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na asubuhi utawakuta wapishi wakichagua mboga wenyewe. Ukitaka menyu ya kawaida ikiwa mbichi kabisa, weka meza Jumatano au Ijumaa, na ukiwa na muda pita sokoni kwanza. Utajua la kuuliza.

Kwa wasiokula kila kitu

Kwa Mwislamu uamuzi ni mwepesi zaidi: Agosti. Migahawa ya msimu hujivunia nyama ya shamba la karibu, na shamba la karibu mara chache lina mchinjaji wa halali. Kimbilio ni samaki na mboga, na hivyo ndivyo vinavyotawala menyu ya joto. Menyu ya baridi ina mitego ambayo haijaandikwa. Mbavu zile nilizozisifu huiva ndani ya divai nyekundu. Kabichi ndogo za Brussels hukaangwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, maharage huwekwa kipande cha nguruwe kwa ajili ya harufu, na supu ya boga inaweza kuwa imetokana na mchuzi wa kuku. Usiulize "kuna nguruwe?" peke yake, uliza pia divai na mchuzi wa mifupa, na waambie wakati wa kuweka meza, maana kadi ya ofa ina vyakula vichache na jikoni haipendi kubadilisha katikati ya msongamano.

Asiyekula nyama kabisa naye Agosti ni yake, bila mjadala. Mwenye watoto aende mchana, msimu wowote, tena mwanzo wa muda wa mchana. Sahani mbili mtoto anazimudu, tatu zinageuka vita.

Kuna la kalenda ya kuangalia pia. Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza katika siku kumi za mwanzo za Februari, kwa hiyo inaweza kukutana na mwisho wa ofa ya baridi. Mchana wa ofa hiyo hautakuhusu. Usiku unaweza kuwa mzuri ajabu: mwanzoni mwa Februari jua la New York huzama kati ya saa kumi na moja na robo na saa kumi na moja na nusu jioni, na meza za saa hiyo ndizo ambazo hakuna Mmarekani anayezigombania. Zitakuwepo kwenye OpenTable au Resy, programu za kuweka meza mtandaoni, hata kwa migahawa ambayo saa mbili usiku imejaa wiki nzima. Beba tende zako mfukoni, omba maji ya bomba, na mwambie mhudumu mtaanza kula saa ngapi hasa ili supu isifike kabla.

Ukiweka meza kwa kadi ya benki, soma masharti ya kughairi. Migahawa mingi hutoza kiasi fulani kwa kila mtu ukikosa kufika bila taarifa, na kwa meza ya watu wanne tozo hiyo inaweza kumeza akiba yote uliyoitafuta.